Naanzia Wapi? Mhadhara juu ya Kuanza Upya, Uliosomwa Songea



Kilichonifanya nichague maudhui haya ya kuanza upya ni swali moja. Miezi kadhaa iliyopita, kijana ambaye jina lake si haki yangu kulitaja hadharani alinijia nyumbani saa za magharibi, siku ya nne tangu alipofunguliwa lango la gereza alimokaa miaka sita kwa kosa ambalo hakulikana mbele ya hakimu wala hakulikana mbele yangu. Alikaa, akanywa chai pasipo kusema neno, na alipokiweka kikombe chini akaniambia: “Mwalimu, tangu nimetoka, kila ninayekutana naye ananiambia nianze upya. Mchungaji ananiambia, mama ananiambia, hata askari aliyenifungulia lango aliniambia. Sasa naanzia wapi?” Sikuwa na jibu la kumpa, na niliona haya kumwongezea maneno matupu mtu aliyekwisha kupewa mengi. Haya nitakayoyasema leo ni matunda ya kulitafuta jibu lile, nami nimelitafuta zaidi katika ardhi hii tunayoikanyaga kuliko katika vitabu, kwa kuwa naamini ni miji michache iliyolijua swali lile kwa undani na kwa uchungu kama mji wetu wa Songea.

Lakini kabla ya ardhi, niruhusuni niiulize lugha, maana lugha ni shahidi mkongwe kuliko sote tuliomo humu. Kiswahili, ukikisikiliza vizuri, hakimsifu mtu kwa kubadilika. Mke amwambiapo mumewe kwamba siku hizi umebadilika, hamsifu, analalamika. Rafiki asemapo kwamba fulani amegeuka, anamshtaki. Na yule ageukaye mara kwa mara tumemtungia jina la kigeugeu, ambalo hakuna apendaye kuitwa. Kinyume chake, mlevi aliyeacha pombe, mwizi aliyeacha wizi na mtembezi aliyerudi kulala kwake, sifa tunayowapa ni moja: “Siku hizi ametulia.” Nawaombeni mlitazame neno hilo kwa makini. Kutulia ni hali ya maji yaliyokuwa yamevurugwa. Hayakumwagwa, wala hayakutekwa mengine mahali pake, ila yameachwa yakae hata tope likashuka chini, na mwenye kiu sasa aweza kuyachota kwa uangalifu. Tope bado limo mtungini, na anayejua kuchota hasahau kwamba limo. Hali kadhalika neno toba, tulilolipokea kutoka Kiarabu: asili yake ni kurejea, na anayetubu hasemwi kuwa ameondoka kwenda mahali pageni, husemwa kuwa amerudi.

Methali zetu, kwa upande wao, zinagombana. Asemaye samaki mkunje angali mbichi amekwisha kukata tamaa na samaki mkavu; na asemaye kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi anamwambia mhunzi arudi kiwandani, ajapokuwa mikono mitupu. Wahenga hawakuafikiana katika jambo hili, na sioni sababu ya sisi kujifanya kwamba waliafikiana.

Sasa na tuingie Ungoni. Hapana Mngoni katika ukumbi huu ambaye si mjukuu wa mtu aliyeanza upya. Wale waliotangulia waliondoka kusini ya mbali, katika nchi ya Wazulu, wakikimbia vita vya zama za Shaka. Wakiongozwa na Zwangendaba wa ukoo wa Jere waliuvuka mto Zambezi mwezi Novemba mwaka 1835, siku ambayo jua lilipatwa na mchana ukawa giza. Wakapanda kaskazini hata Ufipa, ambako mkuu wao alifariki katika miaka ya 1840. Na baada ya kifo chake msafara ukagawanyika, baadhi wakashuka upande huu wa mashariki ya ziwa Nyasa, wakasimamisha himaya mbili, Njelu na Mshope, zilizoitawala nchi hii hata Wajerumani walipokuja kujenga boma lao hapa mwaka 1897. Lakini waliofika hapa hawakuwa wale waliotoka kule. Kila walikopita waliteka watu, wakawaingiza katika nyumba zao na katika vikosi vyao, na ndiyo maana majina ya koo kama Moyo na Soko, ambayo asili yake hutajwa kuwa ni kwa Wakaranga wa Zimbabwe, yamo leo katika daftari za mahudhurio za shule zetu. Walipotua hapa wakawatia katika Ungoni Wandendeule, Wapangwa, Wabena, Wamatengo na wengineo, hata lugha ya kusini ikafifia vinywani mwa watawala wenyewe, na Kingoni tunachokisema leo kikawa lugha ya ardhi hii kuliko ya kule walikotoka.

Mateka yule alipewa nini ili awe mtu mwingine? Alipewa ngao, akapewa kikosi na nyumba ya kuitwa kwake. Mwanzoni aliitwa sutu, jina lisilokuwa la heshima, na ilipita miaka mingi, pengine kizazi kizima, kabla ya mwanawe kujitaja kuwa Mngoni na asiwepo wa kumcheka. Siyasemi haya kuusifu utekaji, kwani vilio vya vijiji vile havikuandikwa na mtu, na haki ya waliovitoa haijawahi kulipwa. Nayasema kwa kuwa yanaonyesha jambo ambalo tangu nilipoliona limenikaa rohoni: katika maelfu yale, hapana hata mmoja aliyejifanya Mngoni peke yake. Alikuwa Mngoni siku ambayo wengine walimwita hivyo. Kijana wangu aliniuliza anaanzia wapi, nami nilikuwa nimekwisha kuanza kushuku kwamba swali lenyewe lilihitaji neno jingine, kwamba alipaswa kuuliza anaanzia kwa nani.

Mwaka 1905 ikaja habari ya maji. Ahadi ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe mnaijua tangu mkiwa wadogo, kwamba risasi za Mjerumani zingegeuka maji. Lakini ndani ya ahadi ile ilikuwamo nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyowavuta watu zaidi, nayo ni kwamba anyunyiziwaye angeamka akiwa si yule wa jana, aliyelipa kodi na kuchapwa viboko, wala si adui wa jirani yake wa kabila jingine, ila ndugu wa kila aliyenyunyiziwa maji yale yale. Ilikuwa ni ahadi ya kuanza upya kwa watu wa kusini wote kwa pamoja, na kwa tone moja. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwezi Agosti mwaka ule, nayo vita ya Majimaji ikaendelea bila yeye, ikafika Ungoni, na misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, ikateketezwa. Askofu Cassian Spiss, aliyekuwa mwanzilishi wake, alikwisha kuuawa pamoja na wenzake mwezi Agosti wakiwa njiani kutoka Kilwa. Kisha risasi zikawa risasi, na tarehe 27 Februari 1906 wakanyongwa hapa Songea mashujaa ambao kila mwaka tunakusanyika makaburini kwao, pale ilipo Makumbusho ya Majimaji.

Naomba tukae hapo kidogo, maana nami nimekaa hapo muda mrefu. Kabla ya kunyongwa, wafungwa wale walitembelewa gerezani na padri Mbenediktini, Johannes Häfliger, akawafundisha kwa haraka ambayo hali ile iliruhusu, na wengi wao wakakubali kubatizwa, wengine wakakataa. Nimewasikia watu wakisema kwamba ubatizo ule haukuwa na thamani, kwa kuwa aliye chini ya kitanzi hana hiari; na nimewasikia wengine wakisema kwamba hapana ubatizo safi kuliko ule, kwa kuwa waliobatizwa hawakuwa na faida yoyote ya dunia ya kuitazamia, hapakuwa na shule, wala kazi ya ukarani, wala shati. Mimi si mwanatheolojia, na dhamiri za watu wale ni amana iliyo mbali na mikono yangu. Ninachokiona ni kwamba aliyeingia gerezani kuwapokea alitoka katika shirika ambalo nyumba zake zilichomwa na ndugu zake waliuawa katika vita ile ile, na kwamba waliopokelewa walikuwa karibu kuuawa na watu wa serikali iliyomlinda padri huyo. Ni nani aliyekuwa akimsamehe mwenzake mle ndani? Nimelipima swali hili kila upande, nami nimefikia kuamini kwamba ikiwa mtu yeyote mle alianza upya kweli, basi walianza wawili wawili, mwenye kunyunyiza na mwenye kunyunyiziwa, kwa maji ambayo safari hii hayakuahidi kugeuza risasi wala kamba. Na wale waliokataa hawakuwa wakaidi. Walikuwa na wa kwao waliokuwa wakiwangoja upande wa pili, mababu ambao kwao wasingeweza kufika wakiwa na jina geni.

Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu una jina lake, hakufa siku moja na wenzake. Husimuliwa na wazee kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, kwa sifa yake na kwa manufaa ambayo wangeyapata kwake, na kwamba yeye alikataa, akataka kufuata walikokwenda wenzake, akanyongwa peke yake siku chache baadaye. Ndiyo maana kaburi lake liko kando ya kaburi la pamoja. Nkosi Chabruma wa Mshope, kwa upande wake, aliuvuka mto Ruvuma akakimbilia Msumbiji, na huko ugenini akauawa. Simlaumu aliyekimbia, kwani kuokoa roho ni haki ya kila mja. Lakini namfikiria Nduna Songea katika siku zile chache za upweke, ambazo aliwekewa mbele yake mwanzo mpya uliokuwa mzuri kwa kila kipimo cha macho, nyumba, cheo, uzee wa amani, isipokuwa kwamba asingebaki hai mtu hata mmoja miongoni mwa wenziwe wa kumwambia karibu.

Baada ya vita ikaja njaa, na baada ya njaa kodi, na kodi ikazaa safari nyingine, ambayo nataka niieleze kwa kuwa ndiyo iliyozifikia nyumba zetu nyingi. Kwa miaka mingi nchi ya Songea ilikuwa ghala ya wafanyakazi wa mashamba ya mkonge ya Tanga. Wanaume waliondoka kwa miguu, na baadaye kwa malori ya waandikishaji, hasa baada ya wenye mashamba kuunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944. Wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na kipande chake, yaani kadi yake ya kazi, kikatiwa alama siku baada ya siku hata zitimie siku 30 za kazi. Mtaalamu P. H. Gulliver, aliyekaa nasi katika miaka ya mwanzo ya 1950, aliandika kitabu kizima juu ya safari hizo za Wangoni na Wandendeule. Lakini kuna jambo ambalo namba ilimpa mtu bila kukusudiwa na yeyote, nalo ni maficho. Mwenye deni, mwenye kesi, aliyegombana na baba, aliyechoka na mke, wote waliweza kutaja jina lolote mbele ya mwandikishaji na kupanda lori wakiwa watu wengine. Wengi walirudi baada ya mkataba mmoja au miwili, na blanketi, na baiskeli kwa aliyejaliwa. Wengine wakalowea. Kulowea ni neno ambalo vijana hamlitumii tena, nami nalisikitikia: ni kukaa ugenini hata ugenini ukakufunika, kwenu wakaacha kukutaja, nawe ukaacha kutazama njia.

Katika ukoo wangu alikuwapo mmoja aliyelowea, naye alikuwa mdogo wake babu yangu mzaa baba. Mwaka 1950 kaka yake alimtuma mjini kwenda kuchukua malipo ya tumbaku ya msimu mzima, shilingi 110, fedha ambazo zilikuwa zimekwisha kupangiwa kununua bati za kuezekea nyumba. Alizichukua, hakurudi. Alimwacha mke kijana ambaye hawakuwa na mtoto naye, akaandikishwa mkonge kwa jina jingine, na kwa miaka 25 hatukuwa na habari yake, isipokuwa mtu mmoja aliyesema amemwona Muheza, na mwingine aliyesema amemwona Korogwe, wote wawili kwa majina tofauti. Nitarudi kwake.

Kuna kuanza upya kwa mtu, na kuna kuanza upya kwa watu, na Ruvuma imeyajua yote mawili. Mwaka 1960, uhuru ukiwa unakaribia, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga waliingia porini mahali paitwapo Litowa kwa nia ya kuishi na kulima kwa pamoja, bila bwana na bila mtumwa. Jaribio la kwanza lilishindwa kwa ugumu wa pori na uhaba wa chakula, wakarudi tena wakiwa wamejiandaa vizuri zaidi, na safari hii wakakaa. Kutokana na Litowa vilizaliwa vijiji vingine, vikaungana katika Chama cha Maendeleo Ruvuma, kilichojulikana zaidi kwa herufi zake za Kiingereza, RDA. Ralph Ibbott, Mwingereza aliyeishi nao kwa miaka, akawa mshauri wao. Wakawa na shule yao, na mashine zao za kusaga na kupasua mbao. Na Mwalimu Nyerere aliviangalia vijiji vile kama mfano alipokuwa akiandika juu ya ujamaa vijijini mwaka 1967. Mwezi Septemba mwaka 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama kile, na mali yake ikachukuliwa. Miaka michache baadaye, kuanzia 1973, nchi nzima iliamriwa kuhamia vijijini, na mamilioni wakahamishwa, wengine kwa malori, wengine baada ya nyumba zao kubomolewa.

Nimesoma na kusikia mengi juu ya sababu za kuvunjwa kwa RDA, za siasa na za wivu wa vyeo, nami sina haja ya kuyarudia. Linaloniuma ni kwamba watu wale wa Litowa walikuwa wamegundua, kwa jasho na kwa mikutano mirefu ya jioni ambayo kila mtu alikuwa na kauli, kwamba mwanzo mpya hauna budi kukubaliwa na wote watakaoishi ndani yake, na mara tu ugunduzi huo ulipokuwa umeiva, mwanzo mpya ukageuzwa amri. Na angalieni jambo hili: kule Matetereka, upande wa Madaba, kijiji kimojawapo cha RDA, watu waliendelea kulima na kugawana kwa pamoja kwa miongo mingi baada ya chama kuvunjwa, bila kuamriwa, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kukubaliana wao kwa wao, na hapana tangazo la kufuta makubaliano ya namna hiyo.

Wenzetu wa Peramiho, ambao abasia yao ipo mwendo mfupi kutoka hapa, huweka nadhiri ambayo watu wa nje hawaijui sana. Tunajua kwamba watawa huahidi utii. Lakini Mbenediktini huahidi pia mambo mawili mengine kwa pamoja, kuugeuza mwenendo wake siku zote za maisha yake, na kudumu katika jumuiya moja hata afe. Mtu wa dunia akitaka kubadilika hufikiri kwanza kuhama. Abadili mtaa, abadili marafiki, abadili namba ya simu. Mtawa yule anaahidi kubadilika mbele ya watu wale wale waliomwona jana akikasirika mezani, na watakaomwona kesho akikasirika tena; hawezi kuwadanganya, kwani wana kumbukumbu, nao hawawezi kumtupa, kwani wameahidi.

Na mashehe wetu hufundisha juu ya toba jambo lililo gumu zaidi. Masharti yake, ikiwa dhambi ni baina ya mja na Mola wake, ni matatu: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia kamwe. Lakini likiwamo ndani yake la mwanadamu mwenzako, basi sharti la nne huingia, na bila hilo matatu ya kwanza hayakamiliki: umrudishie haki yake, au akuhalalishie kwa radhi yake. Ni sharti linalomtoa mtu msikitini kwenda kubisha hodi mlangoni kwa mtu. Mola, ambaye rehema zake hazina ukomo, hakutaka kuisamehe haki isiyokuwa yake.

Sharti hili liliufikia mji wetu kwa namna ambayo hapana aliyeitazamia. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Songea, akasimama katika Makumbusho ya Majimaji, akakutana na wazao wa Nduna Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatenda mababu zetu. Yalikuwa maneno mazito, na nawaheshimu walioyasema kama ninavyowaheshimu walioyasikiliza. Lakini wazao wale walikuwa wamekuja na jambo lao: kichwa cha babu yao, ambacho wanaamini kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, ambacho siku ile kilikuwa bado hakijapatikana, na ambacho Rais aliahidi kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta. Hapo, hadhirina, ndipo penye sharti la nne. Msamaha uliombwa kwa nia ambayo sina sababu ya kuishuku. Na bado mwisho wa hotuba ile familia moja ilirudi nyumbani ikilijua kaburi lake kuwa halijakamilika.

Kijana wangu aliporudi kwangu, baada ya wiki kadhaa, nilimwuliza: ni nani uliyemkosea? Akanijibu kwa kifupi, kwa jina. Nikamwuliza kama amekwenda. Akasema hajakwenda, kwa sababu adhabu ya serikali amekwisha kuitumikia yote, siku kwa siku, na hadaiwi. Ni kweli, serikali haimdai. Sikumlazimisha, maana sikuwa mimi niliyedhulumiwa wala niliyefungwa. Ila nilimsimulia habari za mdogo wake babu yangu, nami naomba niimalize kwenu kama nilivyoimaliza kwake.

Alirudi mwaka 1975. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, nikamwona mzee mgeni amesimama uani, kofia mkononi, hajabisha hodi. Babu yangu alitoka, akamtazama muda mrefu. Hakumwuliza alikuwa wapi, wala hakulia, wala hakumkumbatia. Akaniambia, “Mletee babu yako kiti.” Yule mgeni, kabla ya kukaa, akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua, akahesabu mbele ya kaka yake shilingi 110. Zilikuwa za noti mpya, za Benki Kuu yetu, kwa kuwa zile alizoziiba zilikuwa zimekwisha kuondolewa katika matumizi pamoja na serikali iliyozitoa. Babu alizipokea, naye akazihesabu. Kisha akayainua macho akaiangalia paa ya nyumba, ambayo ilikuwa bado ya nyasi, akasema, “Mdogo wangu, zile zilikuwa bati.”

Sikuyaelewa maneno yale siku ile; nilidhani anamfukuza. Lakini mdogo wake aliyaelewa. Alikaa, na tangu msimu ule akalima tumbaku katika shamba la kaka yake, akaikata, akaitundika banini, akaichochea moto wa kuni usiku kucha, misimu miwili mizima, pasipo kuchukua senti, hata bati zikanunuliwa na paa ikaezekwa. Siku ilipoezekwa, ndipo kwa mara ya kwanza nilimsikia babu akimwita kwa jina lake la utotoni, akiwa juu ya ngazi, akimwomba amrushie nyundo.

Yule mke aliyeachwa alikuwa amekwisha kuolewa upande wa Namtumbo, amezaa, amekuwa bibi wa wajukuu. Aliletewa habari, naye hakuja wala hakutuma neno. Mzee hakwenda kumsumbua. Ila kila mavuno alimpelekea kwa mkono wa jirani gunia moja la mahindi, bila salamu. Mwaka wa kwanza gunia lilirudi kama lilivyokwenda, halijafunguliwa. Mwaka wa pili likarudi vile vile. Mwaka wa tatu lilirudi likiwa tupu, limefuliwa, limekunjwa.